Bolti za Sumaku za Kumwagia Oili: Tathmini Baada ya Miaka Miwili Chini ya Corolla ya 1998

Gari ninaloendesha ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile ambayo Dar es Salaam tumeizoea kwa jina la Corolla 110, yenye injini ya 5A-FE ya lita moja na nusu. Imekwisha kutembea zaidi ya kilomita 280,000, na gari likifika umri huo mwenye nalo huanza kutafuta chochote kinachoahidi kuiongezea injini maisha. Ndivyo nilivyonunua, kwa nyakati mbili tofauti, bolti za kumwagia oili zilizotiwa sumaku kwenye ncha. Kifaa hiki huchukua nafasi ya bolti ya asili chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), bolti ile ambayo mafundi wetu wengi huiita nati ya sampu ingawa kwa umbo ni bolti. Ya kwanza ilikuwa ya aluminiamu yenye rangi ya bluu, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000. Ya pili ilikuwa ya chuma, niliyoiagiza mtandaoni kwa shilingi 38,000 pamoja na usafirishaji. Zote mbili nimezitoa, na naandika tathmini hii kwa sababu ile ya pili nusura iniharibie injini, na kwa sababu bidhaa hizi bado zinanadiwa zaidi kwa wenye magari ya zamani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo magari yanayostahili kuepushwa nazo kuliko mengine yote.

Dai la wauzaji ni rahisi kueleweka. Injini inapofanya kazi, vyuma vyake husuguana na kutoa unga mwembamba mno. Filta ya kawaida ya karatasi hunasa chembe kubwa lakini huachia nyingi zilizo chini ya maikroni 20 hivi. Basi sumaku iliyokaa chini ya sampu itaukamata unga huo na kuuzuia usirudi kuzunguka. Dai hilo si la uongo. Nilipoifungua bolti ya bluu kwa mara ya kwanza nilikuta uji wa kijivu umeganda kwenye ncha yake, laini kama rangi ya wanja, na nakiri kwamba nilifurahi sana kuuona. Kosa langu lilikuwa kuutazama ule uji peke yake, nikasahau kuitazama bolti iliyoubeba.

Kabla ya kuwa sumaku, kifaa hiki ni bolti, na kazi yake ya kwanza ni kuizuia oili yote ya injini isimwagike barabarani. Sampu ya Corolla yangu ni bati la chuma lililokandamizwa, na mahali pa kumwagia oili pamechomelewa nati kwa ndani. Uzi wa nati hiyo, yaani meno yanayoishika bolti, ni mfupi, na tangu gari litoke kiwandani umefunguliwa na kufungwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi, yaani zaidi ya mara 50, na mikono ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaza kwa kipimo. Kwa bolti nyingi za Toyota za ukubwa huu, nguvu inayotakiwa ni kati ya Newton-mita 30 na 40, nguvu ambayo mtu huifikia kwa spana fupi bila kukunja uso. Fundi anayeogopa lawama ya uvujaji huzidisha, na kila anapozidisha huila sehemu ndogo ya uzi ule. Kwa hiyo gari la zamani haliingii katika jaribio hili likiwa na nati mpya yenye uzi kamili. Linaingia na nati iliyochoka, ambayo bado inashika kwa sababu bolti ya asili inalingana nayo kwa kila kipimo.

Bolti ya bluu haikulingana nayo. Kichwa chake kilikuwa cha spana namba 17, wakati cha asili ni namba 14, na tofauti hiyo ina madhara yake, kwa sababu spana ya 17 ni ndefu zaidi na humpa fundi nguvu kubwa kuliko anayodhani anaitumia. Kitako chake, yaani ile sehemu pana inayoikandamiza washa (pete bapa ya kuzuia uvujaji), kilikuwa chembamba kuliko cha asili, hivyo washa haikukandamizwa sawasawa pande zote. Washa yenyewe iliyokuja nayo ilikuwa bati jembamba la aluminiamu. Baada ya wiki mbili nikaanza kuona tone moja la oili kila asubuhi kwenye boksi nililolitandika chini ya gari, kisha matone matatu. Nikamrudia fundi, akakaza tena. Uvujaji ukapungua kwa mwezi mmoja na kurudi. Mtu anaposhindana na tone kwa kukaza huwa anaumaliza uzi, na hilo nililielewa kwa kuchelewa.

Nilipoifungua wakati wa kubadilisha oili ilitoka kwa kukwaruza, na juu ya uzi wake kulikuwa na nyuzinyuzi za aluminiamu zilizochanika. Aluminiamu ni laini kuliko chuma, kwa hiyo uzi wa bolti ulikufa kwanza, lakini mabaki yake yalikuwa yamejibana ndani ya uzi wa nati ya sampu. Laiti tungefunga bolti ya asili juu ya takataka zile, tungeng'oa uzi wote. Fundi alilazimika kupitisha tapu, yaani kifaa cha kuchongea uzi, ya M12 yenye hatua ya 1.25 (vipimo nitakavyovieleza hapa chini) polepole, huku akipaka grisi ili mabaki yanase humo yasidondokee ndani. Wauzaji husema bolti za aluminiamu ni nyepesi na ni za magari ya mashindano. Gari la mashindano hufunguliwa na watu wenye spana ya kupimia nguvu, na sampu yake hukaguliwa baada ya kila safari. Gari langu hutoka Mbagala kwenda Posta na kurudi, na hufunguliwa chini ya mwembe.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi kabisa, nalo ni hatua ya uzi, yaani umbali kutoka jino moja la uzi hadi lingine. Muuzaji atakuambia kwamba bolti ni M12, ukaridhika, lakini M12 hueleza unene tu. Toyota na Nissan nyingi hutumia M12 yenye hatua ya milimita 1.25, BMW nyingi hutumia M12 yenye hatua ya 1.5; na zipo za Marekani zenye hatua ya 1.75. Honda nyingi hutumia M14 yenye hatua ya 1.5. Kwa macho, M12 ya 1.25 na M12 ya 1.5 zinafanana, na mbaya zaidi, ile isiyofaa huingia mizunguko miwili kwa mkono kabla ya kukataa. Fundi mwenye haraka hufikiri kwamba uzi una uchafu, anachukua spana, na kuanzia hapo sampu imekwisha. Njia ya kujilinda ni kuchukua bolti yako ya zamani hadi dukani, kuilaza ubavuni mwa ile mpya uzi kwa uzi, na kuziinua kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita kati ya meno, irudishe. Bolti mpya isipoingia kwa vidole vitupu karibu hadi mwisho, usikubali iguswe na spana.

Ile ya pili, ya chuma, ilinipa matumaini makubwa zaidi. Kichwa kilikuwa cha 14, kitako kilikuwa kipana, uzi ulikuwa safi, na sumaku ilikuwa na nguvu kiasi kwamba iliinua spana ndogo kutoka mezani. Nguvu hiyo ilileta usumbufu ambao sikuutarajia. Kwa kuwa nati ya sampu ni ya chuma, ncha ya bolti ilivutwa kwenye ukingo wa tundu kila nilipojaribu kuiweka, ikalala upande, na ilitaka mkono mtulivu ili uzi uanze sawasawa. Fundi aliyelala chini ya gari, oili ya moto ikimdondokea kwenye kiwiko, hana utulivu huo. Nilimwomba aizungushe kinyume kwanza mpaka asikie uzi ukikaa, ndipo aanze kukaza, naye akanisikiliza. Ni wateja wangapi wanaosimama pale kumwomba fundi wao jambo kama hilo?

Ilifanya kazi vizuri kwa mabadiliko mawili ya oili. Haikuvuja. Kila mara ilitoka na uji wa kijivu. Mara ya tatu fundi aliifungua, akaigeuza mkononi, akanyamaza kidogo, kisha akaniita: "Bosi, hebu njoo uone. Hapa pana tundu tupu. Sumaku haipo." Kwenye ncha ya bolti palikuwa na shimo la mviringo lenye mabaki ya gundi ya rangi ya kahawia, na sumaku ilikuwa imebaki ndani ya injini.

Kuanzia hapo gharama ya kifaa cha shilingi 38,000 ikawa jambo dogo. Katika gari hili bomba la mbele la ekzosi hupita chini ya sampu, hivyo lilibidi lifunguliwe, na bolti zake za miaka mingi zilikuwa zimeshikwa na kutu, moja ilikatika. Sampu haina gasketi ya kuchomoa bali imebandikwa kwa silikoni, kwa hiyo ilibidi itenganishwe taratibu kwa kisu chembamba ili midomo ya bati isipinde. Kazi ilianza saa tatu asubuhi ikaisha baada ya magharibi. Nililipa ufundi, silikoni, bolti za ekzosi, oili mpya na filta mpya, na sikwenda kazini siku hiyo.

Sumaku tuliikuta imevunjika vipande vitatu. Viwili vilikuwa vimeng'ang'ania bati la sampu kando ya tundu. Cha tatu, chembamba kama ukucha, kilikuwa kimenata kwenye wavu wa chujio la kunyonyea oili, yaani mlango wa pampu. Sumaku hizi za neodimiamu zina nguvu kubwa lakini ni kavu na hupasuka kama kigae zikigongwa. Kipande kikubwa huzuiwa na wavu, lakini kila kinapopasuka hutoa punje, na punje inayopita kwenye wavu hufika kwenye gia za pampu kabla ya kukutana na filta, kwa sababu katika safari ya oili filta huja baada ya pampu. Kilichoniokoa ni kwamba sampu yangu ni ya chuma, hivyo sehemu kubwa ya sumaku ilinata sakafuni ikatulia. Katika gari lenye sampu ya aluminiamu, vipande vile visingekuwa na pa kunata isipokuwa kwenye vyuma vya injini yenyewe. Tangu siku ile, ninapokutana na mtu mwenye sampu ya aluminiamu aliyefunga bolti ya aina hii iliyogundishwa, namwomba aitoe siku hiyohiyo.

Kwa nini ilibanduka? Naamini sababu ni joto likisaidiwa na mtetemo. Oili katika sampu ya gari lililopata moto kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 90 na 110 za Selsiasi, na hupanda zaidi gari linapobeba mzigo mlimani. Ndani ya joto hilo gundi hupanuka na kusinyaa mara nyingi ikiwa imezama katika oili yenye dawa za kusafishia. Joto hilohilo huipunguza nguvu sumaku yenyewe. Neodimiamu ya daraja la kawaida, ambayo ndiyo rahisi na ndiyo iliyo kwenye bidhaa nyingi zisizotaja daraja, hutakiwa isizidi nyuzi 80. Yapo madaraja yanayovumilia nyuzi 150 na zaidi, lakini bei yake ni kubwa, na muuzaji aliyeyatumia huandika hivyo kwa fahari. Kwenye pakiti yangu halikuandikwa lolote kuhusu joto. Nilifanya jaribio dogo nyumbani kwa bolti ya bluu, ambayo sumaku yake ilikuwa bado mahali pake: niliisafisha, nikaona inainua mnyororo wa nati saba ndogo, kisha nikaichemsha kwenye sufuria ya maji kwa saa moja. Hapa pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, joto ambalo sampu hulifikia bila shida. Ilipopoa iliinua nati nne, na kesho yake bado ni nne.

Kuna udhaifu mwingine ambao haukunipata mimi, lakini niliuona kwenye gari la mteja mwingine katika gereji hiyohiyo: bolti ilikatika shingoni, nusu ikabaki ndani ya sampu. Sababu inaeleweka kwa hesabu ndogo. Bolti ya M12 yenye hatua ya 1.25 ina kiini cha milimita kumi na nusu hivi ukiondoa meno ya uzi. Ukiitoboa shimo la milimita 8 ili kuweka sumaku, na shimo hilo likafika hadi kwenye sehemu inayobeba mkazo, ukuta unaobaki kila upande ni milimita moja na robo. Bolti ya asili haina shimo hilo. Ikizidishiwa mkazo huwa na akiba ya kuvumilia, lakini iliyotobolewa haina akiba, nayo hufungwa na mafundi walewale.

Urefu nao ni wa kuangaliwa. Bolti nyingi za sumaku hutokeza ndani ya sampu kuliko ya asili ili sumaku ioge kwenye oili. Katika sampu zenye kina kifupi, au zenye bati la kuzuia oili isiyumbe, ncha hiyo huweza kugusa kitu kabla kitako hakijakaa kwenye washa; mtu akaendelea kukaza akidhani bado haijakolea, kumbe anasukuma bati la ndani.

Baada ya yote hayo nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kulianza nalo: hata kama ingekuwa imara, sumaku ile ingenionyesha nini? Sumaku hunasa chuma na ndugu zake tu. Haioni aluminiamu ya pistoni, haioni shaba, risasi wala madini ya bati yaliyomo kwenye beringi, na haioni mchanga, ambao kwa barabara zetu za vumbi ni adui mkubwa wa ringi za pistoni na kuta za silinda. Beringi za kranki (shafti kuu ya injini) na za konrodi (mkono unaoiunganisha pistoni na kranki), ambazo ndizo zikiisha injini hunoki, zina uso laini usiovutwa na sumaku uliopakwa juu ya mgongo wa chuma. Maana yake ni kwamba sumaku itaanza kutoa habari za beringi wakati uso laini umekwisha na kranki inasaga mgongo, na kufikia hapo mlio umeshasikika barabara nzima. Miezi yote nilipokuwa nikiufurahia uji wa kijivu nilikuwa nikisoma habari za vyuma kama ringi na silinda pekee, tena kwa uhafifu, kwa kuwa injini yoyote ya umri huu hutoa uji kidogo na kiasi chake hakisemi mengi. Mwenye kuogopa mchanga atafaidika zaidi akizitumia shilingi 38,000 kwa filta nzuri ya hewa, na kuhakikisha bomba la hewa kati ya filta na injini halijapasuka.

Haki inanitaka niseme kwamba sumaku zina mahali pake, na watengenezaji wa magari wamelijua hilo kwa muda mrefu. Difu na giaboksi nyingi za kawaida (manual) hutoka kiwandani na bolti za sumaku, na ukifungua sampu ya giaboksi ya otomatiki utakuta vipande vya sumaku vimewekwa sakafuni. Gia hutoa unga wa chuma kwa wingi zinapoumana, na giaboksi ya kawaida au difu haina filta ya karatasi, kwa hiyo sumaku ndiyo msafishaji wake pekee. Tena bolti hizo hufunguliwa mara chache, uzi wake ni mnene, na ukuta unaobaki baada ya kutoboa ni mpana. Mtu mwenye difu isiyo na sumaku sitamzuia kuiwekea, mradi hatua ya uzi ni sahihi.

Na kama mtu bado anaitaka kwenye injini, ninayoweza kuikubali ni ya chuma, yenye kichwa na kitako sawa na vya asili, ambayo sumaku yake imebanwa na mdomo wa chuma uliokunjwa juu yake badala ya kushikwa na gundi, na ambayo mtengenezaji ameandika kiwango cha joto kisichopungua nyuzi 150. Katika maduka niliyozunguka, Kariakoo na Mtaa wa Shaurimoyo, nilionyeshwa bolti nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa na kiwango cha joto kwenye pakiti. Muuzaji mmoja kijana alinijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, hizo zote ni sumaku, zinashika." Sikumlaumu, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia.

Corolla yangu sasa ina bolti halisi ya Toyota, namba 90341-12012, pamoja na washa yake namba 90430-12031, ambayo nabadilisha kila ninapomwaga oili kwa kuwa imetengenezwa ikandamizwe mara moja tu. Nilinunua washa tano kwa pamoja. Fundi hukaza kwa spana fupi ya ringi namba 14 huku nimesimama pembeni, na boksi la chini ya gari limekaa miezi saba bila tone. Vipande vitatu vya sumaku nimevihifadhi kwenye kikopo cha dawa ndani ya droo ya gari, na huvitoa kila mtu anaponiuliza kwa nini sikurudishia.